Piano Iliyorushwa Dirishani: Ala ya Kale na Usomaji wa Matini ya Chopin

Ikisiri

Makala haya yanachunguza uhusiano uliopo baina ya matini ya muziki iliyoandikwa na ala iliyokusudiwa kuipa matini hiyo sauti. Mfano unaotumiwa ni tumbuizo la piano ya kale, hususan utendaji wa kazi za Fryderyk Chopin (1810–1849) kwa ala za zama zake jijini Warsaw, Polandi. Hoja kuu ni kwamba nota zilizomo kwenye karatasi si kazi kamili. Sehemu nyingine ya kazi imo katika ala, katika mkono wa fanani na katika sikio la hadhira. Aidha, makala yanaonyesha kuwa ala ya kale si hakimu wa mwisho wa maana, bali ni shahidi anayestahili kuhojiwa. Mwishoni, funzo linatolewa kwa mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili, ambaye naye husoma katika karatasi tungo nyingi ambazo hapo awali ziliimbwa.

1.0 Utangulizi

Katika Kiswahili, ngoma hupigwa, gitaa hupigwa, zumari hupigwa na piano vilevile hupigwa. Kitenzi ni kimoja ilhali matendo ni mbalimbali. Nomino nayo ina mkasa wake. Neno kinanda, ambalo Wakenya wengi wa leo hulihusisha na ogani ya kanisani au piano ya umeme, lilitumika katika mwambao wa Afrika Mashariki kwa ala ya nyuzi iliyopigwa kwa vidole. Anayelikuta neno hilo katika utungo wa kale, kisha akamwona akilini mwake mtu aliyeketi mbele ya ogani, atakuwa amesoma maneno yote sawasawa na bado akakosea. Neno limebaki palepale. Kitu ndicho kilichobadilika.

Hali kama hiyo imeipata piano yenyewe. Chopin alipoandika kwamba kazi fulani ni ya piano, alikuwa na ala mahususi katika fikra na vidoleni. Mpiga piano wa karne ya 21 anapoifungua kazi hiyohiyo, hukaa mbele ya ala yenye jina lilelile, lakini iliyoundwa kwa malighafi tofauti na yenye sauti tofauti. Swali linalojitokeza ni hili: je, anayeipiga leo anaisoma matini ya Chopin, au anaitafsiri? Kuna mafundi, wanamuziki na wataalamu waliojaribu kulijibu swali hili si kwa kalamu tu, bali kwa kuzirejesha ala za kale jukwaani. Juhudi hizo ndizo zinazojadiliwa hapa.

2.0 Jina Moja, Ala Nyingi

Piano ilibuniwa na Mwitaliano Bartolomeo Cristofori jijini Florence mnamo mwaka wa 1700 hivi. Ubunifu wake ulikuwa katika nyundo ndogo zilizogonga nyuzi na kurudi mara moja, hivyo kumwezesha mpigaji kutoa sauti ya chini au ya juu kulingana na nguvu za kidole. Kutokana na uwezo huo ndipo lilipotokea jina pianoforte, yaani ala ya sauti ya chini na ya nguvu. Piano tatu za Cristofori zimesalia hadi leo, nazo zimehifadhiwa New York, Rome na Leipzig.

Baina ya Cristofori na piano ya sasa kuna mabadiliko mengi, lakini manne yanatosha kwa mjadala huu. Kwanza, mnamo 1821 kampuni ya Erard ilipata hataza ya mtambo uliowezesha nyundo kugonga tena kabla ya kibonyezo kurudi juu kabisa. Mpigaji akaweza kurudia sauti ileile kwa kasi kubwa. Pili, mnamo 1825 Alpheus Babcock wa Boston alipata hataza ya fremu ya chuma iliyosubuliwa kwa kipande kimoja. Tatu, mnamo 1826 Jean-Henri Pape jijini Paris alipata hataza ya kuvika nyundo sufi iliyoshindiliwa badala ya ngozi ya mnyama. Nne, mnamo 1859 kampuni ya Steinway ya New York ilipata hataza ya kuzipitisha nyuzi nene juu ya nyuzi nyingine katika piano kubwa ya kulala, badala ya kuzilaza zote sambamba.

Ikumbukwe kuwa mabadiliko haya hayakuenea kote kwa siku moja. Mafundi wengi wa Paris na Vienna waliendelea kuunda piano za kimo cha zamani kwa miongo kadhaa. Hata hivyo, mwelekeo ulikuwa mmoja: kumbi zilikuwa kubwa zaidi, okestra zilikuwa na sauti zaidi, nayo piano ikalazimika kusikika. Leo, nyuzi za piano kubwa ya jukwaani huivuta fremu yake kwa mkazo wa takriban tani 20, na ala nzima hukaribia uzito wa kilo 500. Fremu ya mbao ya mwanzoni mwa karne ya 19 ingepasuka kabla ya kufikia hata nusu ya mkazo huo.

Nguvu hizo zilikuwa na gharama. Katika ala ya kale, sauti huanza kwa wepesi na kufifia upesi. Aidha, kwa kuwa nyuzi zimelala sambamba, kila eneo la kibodi lina rangi yake: chini kuna ngurumo iliyo wazi, katikati kuna sauti inayokaribia ya binadamu, na juu kuna mlio mwembamba wa kioo. Waundaji wa piano ya kisasa walijitahidi kuziondoa tofauti hizo ili sauti iwe sare kutoka mwanzo hadi mwisho. Walifaulu. Swali ni iwapo watunzi wa awali waliziona tofauti hizo kuwa kasoro au kuwa msamiati.

Mfano wa Ludwig van Beethoven unalidhihirisha jambo hili. Katika sonata yake ya Opus 27 Namba 2, aliyoitunga mwaka wa 1801 na ambayo baadaye ilibandikwa jina la mbalamwezi, Beethoven aliagiza kuwa sehemu yote ya kwanza ipigwe kwa ulaini mkubwa huku vile vipande vinavyozima mtetemo wa nyuzi vikiwa vimeinuliwa. Mpigaji wa piano ya kisasa akiyafuata maagizo haya neno kwa neno, sauti zitarundikana hadi muziki ugeuke ukungu. Kwa hiyo wapigaji wengi huyakiuka: huachilia pedali na kuikanyaga upya kila mwafaka wa sauti unapobadilika. Katika piano ya Vienna ya wakati ule, sauti ya kwanza huwa imeanza kufa wakati ya pili inapozaliwa, na maagizo hayo hutekelezeka. Msomaji wa nota aliyeona amri isiyowezekana hakuwa na haja ya kumlaumu mtunzi. Kilichokosekana kilikuwa ala.

3.0 Ala Iliyorushwa Dirishani

Chopin alikulia Warsaw. Nyumbani kwao palikuwa na piano iliyoundwa na Fryderyk Buchholtz, fundi wa mji huohuo. Katika miaka ya mwisho kabla ya kuhama, alitunga kazi zake mbili kubwa za piano na okestra, akazipiga mbele ya watu wa Warsaw mwaka wa 1830. Katika onyesho la tarehe 17 Machi mwaka huo alitumia piano yake mwenyewe, na baadhi ya wasikilizaji wakalalamika kuwa sauti yake ilikuwa ya chini mno. Siku tano baadaye alipiga ala ya Vienna iliyokuwa na nguvu zaidi, nao wasikilizaji wakaridhika; yeye mwenyewe aliipenda zaidi ile ya kwanza. Tukio hilo ni dogo lakini lina uzito. Linaonyesha kuwa mvutano baina ya sauti anayoitaka mtunzi na sauti inayotakiwa na ukumbi haukuanza jana.

Mnamo tarehe 2 Novemba 1830 Chopin aliondoka Warsaw, asirudi tena. Piano ilibaki na jamaa zake. Kufikia mwaka wa 1863 ilikuwa katika makao ya dada yake Izabela, ndani ya kasri la ukoo wa Zamoyski. Mwaka huo Wapolandi walikuwa wameasi dhidi ya utawala wa Urusi. Mnamo tarehe 19 Septemba, baada ya jaribio la kumuua Jenerali Berg, mwakilishi wa mfalme wa Urusi, kutokea karibu na kasri hilo, askari wa Urusi walilivamia, wakapora, na kuvitupa vyombo vya wakazi nje. Miongoni mwa vitu vilivyorushwa kupitia dirishani ni piano ya Chopin. Mshairi Cyprian Norwid, aliyekuwa akiishi Paris na aliyemjua Chopin, alilitungia tukio hilo shairi liitwalo Fortepian Szopena, ambalo ni miongoni mwa tungo mashuhuri za fasihi ya Kipolandi.

Ala hiyo haikuweza kurejeshwa. Lililowezekana ni kuunda nyingine. Taasisi ya Fryderyk Chopin ya Warsaw ilimwagiza Paul McNulty, fundi mzaliwa wa Marekani mwenye karakana yake katika Jamhuri ya Cheki, aunde nakala ya piano ya Buchholtz. Kwa kuwa ile ya Chopin ilikuwa imeangamia, kielelezo kilichotumiwa ni piano nyingine ya fundi huyohuyo iliyosalia katika jumba la makumbusho la Kremenets nchini Ukraine. Nakala hiyo ilizinduliwa Warsaw mwaka wa 2018, miaka 155 baada ya ile ya awali kuanguka barabarani.

4.0 Tumbuizo la Warsaw

Mwezi Septemba 2018, Taasisi hiyo iliandaa kwa mara ya kwanza Mashindano ya Kimataifa ya Chopin kwa Ala za Kale. Ni muhimu kukumbuka kuwa mashindano ya Chopin yanayofahamika zaidi, yaliyoanzishwa mwaka wa 1927, hutumia piano za kisasa. Haya mapya yaliwaweka vijana mbele ya piano asilia za Erard, Pleyel na Broadwood pamoja na nakala za ala za Graf na Buchholtz. Mshindi alikuwa Tomasz Ritter wa Polandi. Awamu ya pili ilifanyika mwaka wa 2023, naye Eric Guo wa Kanada akaibuka mshindi.

Fanani aliyefunzwa kwa piano ya kisasa anapoketi mbele ya Pleyel, jambo la kwanza analolazimika kujifunza ni kujizuia. Vibonyezo ni vyepesi na havizami sana. Ukivipiga kwa nguvu ulizozizoea, ala haikupi sauti kubwa zaidi, hukupa kelele. Mkono ambao umezoea kuamuru hulazimika kuuliza kwanza.

Kwa upande wa msikilizaji, tofauti huonekana mapema. Mathalani, katika kazi ya Chopin iitwayo Berceuse, Opus 57, yaani wimbo wa kubembeleza mtoto, mkono wa kushoto hurudia bembea moja karibu kazi nzima huku mkono wa kulia ukitarizi juu yake. Katika piano ya kisasa, mpigaji hutumia juhudi kubwa kuuzuia mkono wa kushoto usimeze ule wa kulia. Katika Pleyel, ala yenyewe huzitenganisha sauti hizo mbili, kwa kuwa chini na juu hazina rangi moja. Juhudi iliyokuwa ya kuzuia huweza sasa kuelekezwa kwenye usemi.

Mfano wa pili ni wa aina tofauti. Polonaise ya Opus 53, ya mwaka wa 1842, ina kipindi ambapo mkono wa kushoto hupiga oktava za mfululizo kwa kasi, sauti ikipanda kama kikosi kinachokaribia. Piano ya kisasa hulimudu jambo hili bila taabu na bado hubaki na akiba ya nguvu. Ala ya miaka ya 1840 hufika hapo ikiwa kwenye upeo wake: mbao hutetemeka, nyuzi hulia, na hadhira husikia kwamba hakuna zaidi ya hapo. Kwa kipimo cha sauti, ala ya kisasa imeshinda. Kwa kipimo cha tamthilia, ile ya kale ndiyo iliyosema jambo, kwani ukubwa wa sauti katika sanaa haupimwi kwa kishindo peke yake, bali kwa umbali uliobaki kabla ya kufika ukingoni.

5.0 Mipaka ya Ushahidi wa Ala ya Kale

Wahenga walisema ya kale ni dhahabu. Hata hivyo, mhakiki hapaswi kuipokea dhahabu bila kuipima. Kuna hoja tatu zinazotilia mkazo tahadhari hii.

Kwanza, ala huzeeka. Mbao hukauka, ngozi hukakamaa, nyuzi hukatika na kubadilishwa. Piano ya mwisho ya Chopin, Pleyel ya mwaka wa 1848, ilinunuliwa baada ya kifo chake na mwanafunzi wake Jane Stirling, akampa Ludwika, dada mwingine wa Chopin, na hatimaye ikafika Warsaw. Katika karne ya 20 ilitiwa nyuzi zisizolingana na za awali. Ilibidi McNulty aifanyie kazi tena ili irejeshewe nyuzi za aina ya wakati wake, na mwaka wa 2021 sauti yake ikasikika upya. Anayeisikia leo husikia kazi ya Pleyel, ya wakati na ya mkarabati kwa pamoja. Ndiyo sababu nakala mpya, ijapokuwa haina nasaba, huenda wakati mwingine ikawa karibu zaidi na sauti ambayo Chopin aliisikia ala ikiwa mpya.

Pili, hata ala ikirejeshwa, sikio halirejesheki. Hadhira ya leo imeyasikia magari, vipaza sauti na piano za kisasa. Mtaalamu Richard Taruskin, katika kitabu chake Text and Act cha mwaka wa 1995, alitoa hoja kali kwamba utendaji unaodai kuwa wa kihistoria hufichua zaidi ladha ya karne ya 20 kuliko ukweli wa karne zilizopita. Hoja hiyo haiwezi kupuuzwa. Hata hivyo, haivunji thamani ya ala ya kale. Inavunja tu dai la wale wanaosema wameyapata yaliyopita yakiwa mazima.

Tatu, na pengine hili ndilo zito zaidi, mtunzi mwenyewe hakuwa mfungwa wa matini yake. Mnamo tarehe 16 Februari 1848, Chopin akiwa mgonjwa alitoa tumbuizo lake la mwisho jijini Paris, katika ukumbi wa Pleyel. Miongoni mwa kazi alizozipiga ni Barcarolle, Opus 60. Charles Hallé, mpiga piano aliyekuwepo, alisimulia baadaye kuwa mahali ambapo nota zinadai nguvu kubwa kabisa, Chopin alipiga kwa sauti ya chini mno, lakini kwa ufundi uliomfanya msikilizaji ajiulize iwapo hivyo ndivyo ilivyostahili kuwa. Hapa ala ilikuwa sahihi, ukumbi ulikuwa sahihi na fanani alikuwa mtunzi mwenyewe. Bado utendaji haukulingana na maandishi. Iwapo mwili dhaifu ndio uliomlazimisha, basi mwili nao ni sehemu ya ala.

6.0 Funzo kwa Mwanafunzi wa Fasihi ya Kiswahili

Mwanafunzi wa Kiswahili anaweza kudhani kuwa mambo haya ni ya Wazungu na piano zao. Sivyo. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mnamo 1840 hivi, aliishi katika zama zilezile za Beethoven na Chopin. Tungo zake zilihifadhiwa vinywani mwa watu, na baadaye katika karne hiyohiyo zikakusanywa na kuandikwa kwa juhudi za Mwalimu Sikujua na W. E. Taylor. Leo hufundishwa madarasani zikiwa zimechapishwa kwa hati za Kirumi, mishororo ikiwa imepangwa, vina vikiwa vimehesabiwa. Kilichofika kwetu ni nota. Mahadhi ya mwimbaji, vicheko vya waliokusudiwa kupigwa vijembe, na majibizano ya barazani havikufika.

Tofauti ni kwamba fundi wa piano anaweza kwenda Kremenets akapima mbao na nyuzi. Sauti ya mtu haina mbao za kupimwa. Lakini si kila kitu kimepotea. Wapo waimbaji wa tenzi na kasida katika mwambao ambao walipokea mahadhi kutoka kwa wazee wao. Ushahidi wao, kama ule wa Pleyel iliyobadilishwa nyuzi, umepitia mikono mingi na sharti uhojiwe. Hata hivyo, kuutupa kwa sababu si safi ni sawa na kuirusha ala dirishani kwa hiari yetu wenyewe.

Aidha, mfano wa pedali ya Beethoven una manufaa ya moja kwa moja katika uhakiki. Mara nyingi mhakiki anapokutana na mshororo unaoonekana kupungukiwa na mizani, huharakia kuusahihisha au kudai kuwa mshairi alilazimisha. Kabla ya kutoa hukumu hiyo, ingefaa ajiulize iwapo mshororo huo ulipungua ulipoimbwa, au umepungua baada ya kutenganishwa na mahadhi yake na kupimwa kwa lahaja isiyo yake. Yamkini kosa limo katika ala ya msomaji.

7.0 Hitimisho

Makala haya yamebainisha kuwa tumbuizo la piano ya kale si maonyesho ya vitu vikuukuu, bali ni tendo la uhakiki. Kwa kuirejesha ala, fanani huweza kugundua kuwa maagizo yaliyoonekana kuwa makosa yalikuwa na mantiki, na kuwa udhaifu fulani ulikuwa sehemu ya usemi. Wakati huohuo, imeonekana kuwa ala pekee haitoshi, kwani sikio limebadilika na mtunzi mwenyewe alikuwa huru mbele ya maandishi yake.

Piano ya Buchholtz ilivunjika siku moja mwaka wa 1863, na kuunda mfano wake kulihitaji ala nyingine ya fundi yuleyule iwe imesalia mahali fulani. Kwa bahati, moja ilikuwapo. Katika tungo za Kiswahili, ala hizo zilizosalia ni wazee wanaojua mahadhi. Ni wajibu wa wanafunzi wa leo kuwaendea na kuwarekodi wakati sauti zao zingali zinasikika.